Mama Kokushubira, Muuzaji Wetu Mgumu Kuliko Wote

Sauti ya kwanza niliyoisikia katika ofisi hii ilikuwa msonyo. Ulitoka chumba cha nyuma, mrefu, wenye kona kama barabara ya mlimani, na ulipokwisha, mnunuzi aliyekuwa ametaja bei alijikohoza akataja nyingine ya juu zaidi bila kuombwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi na cheti cha shahada mapajani, nikisubiri usaili. Hadi leo nikitajiwa bei ya chini, huo ndio ninaousikia kichwani. Nimejaribu kuutoa mwenyewe mara kadhaa. Wateja huniuliza kama jino linauma.

Mwenye msonyo huo, Mama Kokushubira Anselm, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia ofisi yetu ya udalali wa nyumba na viwanja hapa Tarime kwa miaka ishirini na saba. Alikuja kutoka Muleba akimfuata mumewe, marehemu Mwalimu Anselm, aliyepangiwa shule huku. Aliajiriwa kupokea wageni na kuchemsha chai. Kwa maelezo yake mwenyewe, chai ile ilikuwa mbaya kiasi kwamba mkurugenzi alimhamishia kwenye mauzo ili kuwanusuru wateja.

Tangu hapo kazi yake imekuwa kuwakalisha pamoja watu wasiotaka kukaa pamoja: walimu, wauguzi na maofisa waliohamishiwa Mara wakitafuta nyumba, na wenye nyumba wasio na haraka yoyote. Kule Nyansurura, Mzee Heche aliuza nyumba, na siku ya makabidhiano muuguzi aliyeinunua alikuta matundu mahali pa milango. Mzee akaeleza kwa utulivu kwamba yeye aliuza nyumba. Milango aliinunua Sirari baada ya kuuza ng'ombe, na hakuna aliyeiulizia. Mama Kokushubira hakubishana. Alitoa shikamoo, akakaa, akapokea uji.

"Sawa, mzee wangu," akasema. "Na huyu binti amenunua nyumba, hakununua kelele. Ng'ombe wako wakipita hapa alfajiri, waambie wanyamaze."

Mzee Heche alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Milango ilirudi siku ileile, mmoja ukiwa umefungwa juu chini.

Asije mtu akadhani tunamuaga malaika. Alikuwa na tabia ya kuhama upande katikati ya mazungumzo. Angeanza akimtetea mnunuzi, na kufika saa sita angekuwa anamlilia muuzaji. Zaidi ya mara moja pande mbili zilipatana kwa sababu tu zote zilikuwa zimemkasirikia yeye.

Nami nina mchango wangu katika historia yake, ingawa sikuombwa kuutoa. Wiki yangu ya pili kazini nilitumwa Matongo, kijiji kilicho jirani na mgodi wa dhahabu, kukagua nyumba ya Mzee Waitara, ambayo ilikuwa imebaki kusainiwa tu. Nilivaa kizibao chenye mistari ya kung'aa nilichokipata chuoni, nikachomoa futi kamba, nikaanza kupima ukuta hadi ukuta kwa uso wa mtu anayeokoa taifa. Mtu yeyote wa huko angeniambia kwamba mgeni anayepima karibu na mgodi hupima kwa ajili ya fidia. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nahesabu mita.

Nilipofika nyuma ya nyumba, jirani wa kwanza alikuwa ameshachomeka miche kila pembe ya uwanja, na wa pili alikuwa anasimamisha nguzo za chumba kipya. Hiyo ndiyo tegesha ya kwetu: unapanda na kujenga mbiombio ili mlipaji akukute na mali. Mzee Waitara naye alifuta bei tuliyokubaliana na kuniuliza, kwa heshima zote, kama choo nacho kinahesabiwa chumba.

Mama Kokushubira alifika na bodaboda. Alininyang'anya futi kamba, akampima mbuzi, akampima dereva tumbo, kisha akapaza sauti: "Haya! Mbuzi sentimita tisini, huyu kijana hapimiki. Nani anawalipa fidia hawa?"

Kijiji kikaelewa. Aliponigeukia nilijua nafukuzwa.

"Jesca mwanangu," akasema, "mimi nimeuza nyumba miaka yote hii, lakini sijawahi kupandisha bei ya kijiji kizima kwa asubuhi moja."

Februari mwaka huu alituletea muuzaji mgumu kuliko wote, yaani yeye mwenyewe. Shemeji zake wa Muleba walisema mjane arudi nyumbani, watoto wake wakaitikia, na ikaamuliwa kwamba nyumba yake ya vyumba vitatu kwenye njia ya Sirari iuzwe kabla hajastaafu. Kazi nilipewa mimi. Nilimpata Mwalimu Raphael na mkewe Rhoda, waliohamia kutoka Songea, watu wapole wenye mkopo ulioshapitishwa. Nikajipongeza.

Kwanza Mama alisema migomba yake isikatwe. Wakakubali. Kisha jirani yake, Dorka Adhiambo, anayeleta nguo kutoka Migori, aendelee kupita uani kwenda kisimani. Wakakubali, Raphael akimeza mate. Kisha rangi ya sebule isibadilishwe. Mimi niliona ni mbinu ya kupandisha bei, na usiku nilichora mchoro wenye mishale wa namna ya kuipangua. Jumatatu ya wiki hii akaongeza kwamba chumba cha nyuma kibaki chake, maana atakuwa anakuja kusalimia.

Raphael alinivuta nje ya geti. "Dada Jesca, naomba nielewe. Nanunua nyumba, au naoa mama mkwe?"

Dorka, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua na kusikiliza bila kujificha, akadakia: "Mwambie huyo Mhaya aende haraka nipumzike! Lakini akienda, mimi nitagombana na nani? Huyu ticha hata kujibu hajui."

Nilirudi ndani nikambana Mama. Mazungumzo hayawezi kuendelea hivi, nilisema, kwa sauti ambayo nikiikumbuka naona aibu.

"Basi amua wewe," akajibu. "Dalali ni wewe. Lori la kuhamisha vyombo vyangu linakuja Jumamosi. Ukisema Raphael, ni Raphael. Mimi nimechoka."

Jumanne nilikwenda kuchukua funguo za kumkabidhi Raphael. Hakuna chombo kilichofungashwa, picha zote bado zilikuwa ukutani. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, kitenge amekifunga kiunoni, anapanda machipukizi mapya ya migomba. Mgomba hukaa mwaka na zaidi kabla ya kukupa mkungu. Nikamuuliza ndizi hizo atakula nani.

"Usiniulize maswali ya wanunuzi," akasema, akanipa jembe.

Nilichimba. Nilikuwa katikati ya shimo nilipoelewa jambo ambalo Dorka, Raphael na pengine hata kuku wake walikuwa wamelielewa tangu Machi.

Mama Kokushubira, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa familia zote zinazolala leo katika nyumba ulizozigombania, na kwa subira uliyotuonyesha siku chache na kutunyima siku nyingi. Mungu akupe afya, usingizi mzito, na asubuhi zisizo na mteja mlangoni.

Uliniambia niamue. Jumatano nimeng'oa kibao cha "Nyumba Inauzwa" kwenye geti lako. Raphael na Rhoda nimewapeleka kwa Mzee Daudi, ambaye naye anauza, wameipenda nyumba yake na wameshapatana. Shemeji zako sijawapigia. Ujasiri wangu una mipaka, hao utawaeleza mwenyewe. Ukiona nimekosea, kibao kiko ofisini nyuma ya mlango, pamoja na misumari yake. Dereva wa lori nimemwambia asije.