Kikombe Nilichokiosha

Ule mwaka ambao Matombo tulikula mafenesi mpaka jasho letu likanuka fenesi, ndio mwaka ninaoushuhudia. Mahindi yalikauka shambani. Asubuhi fenesi, mchana fenesi, jioni mbegu zake za kuchemsha na chumvi. Ndugu zangu, Bwana asifiwe hata kwa fenesi, maana tulishiba!

Mimi nimeishia darasa la tatu, mtanivumilia. Lakini kuna kitu Mungu alinipa bila shule: kuuliza. Nauliza mpaka watu wananikimbia. Na kumbe lile moja nisiloliuliza ndilo lililotaka kuniulia mjukuu.

Binti yangu Yasinta anakaa Mafiga, mjini. Mimba ilikuwa ya miezi saba uchungu ulipomshika. Nikapigiwa simu, nikateremka na kanga mbili na mfuko wa mbegu za fenesi. Hospitali wakanionyesha mtoto kupitia kioo. Wa kike. Mkono wake mwembamba kama kidole changu! Pakiti ya sukari ya kilo moja ni nzito kuliko yeye! Manesi wakamwita njiti. Nikakasirika.

"Mjukuu wangu si njiti ya kiberiti!"

Nesi mmoja, msichana mwenye mwanya, akanijibu, "Shikamoo bibi. Njiti ndiyo inayowasha jiko. Sisi tupatie maziwa tu."

Kunyonya hakuweza, hana nguvu. Ilibidi Yasinta akamue kwa mkono kwenye kikombe, halafu nesi ayapitishe kwenye mpira mwembamba ulioingia puani kwa mtoto mpaka tumboni. Nikashangaa sana. Nikauliza, "Na utamu anausikia?" Nesi akacheka, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Yasinta alikamua huku machozi yanamtoka. Yakaja kidogo, ya njano, mazito, hayafuniki hata kitako cha kikombe. Nesi akaitwa upande wa pili. "Bibi, nishikie hapa, nakuja."

Nikashika. Nikachungulia. Ndugu zangu, sisi tumelelewa kwamba yale ya njano ni machafu, yamelala kifuani tangu mimba, yanamwagwa mpaka yaje meupe. Ya kwangu nilimwaga, kwa watoto wote sita. Basi nikaenda kwenye sinki, nikamwaga, nikakisugua kile kikombe kwa sabuni mpaka kikang'aa.

Nesi akarudi. "Bibi, maziwa yako wapi?"

"Nimekiosha," nikasema, tena kwa fahari.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akakaa kwenye benchi. "Bibi, unatoka wapi wewe?"

"Matombo."

"Na matombo ni nini kwa Kiluguru?"

Anajua! Kumbe naye Mluguru. Nikajibu kwa sauti ndogo: matiti. Ndivyo wazee walivyoyaita yale majabali yetu mawili, yamekaa kama kifua cha mama.

"Umetoka kwenye matiti, unakuja kumwaga maziwa! Ile ni dang'a, bibi. Ile ndiyo kinga ya mtoto. Huyu hana nyingine."

Yasinta hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, yalikuwa ndiyo hayo." Na kweli, kifua kikafunga. Saa sita akakamua, hakuna. Saa tisa, hakuna. Saa kumi na mbili, hata unyevu hakuna. Mtoto kule ndani tumbo limelala kama mfuko mtupu. Nikainama palepale kwenye benchi, nikasema, "Bwana, nilijifanya najua. Nitoe kwenye kujua kwangu!" Sala ndiyo hiyo, sikuwa na nyingine.

Kesho yake asubuhi wakamtoa mtoto, wakamfunga kwa kanga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Akalia, kilio cha kitoto cha paka. Mara naona kanga inalowa maziwa! Na ni upande ule ambao hakuna aliyeugusa! Nikamkimbilia nesi. "Mwanangu, ziwa lina masikio?"

"Linayo, bibi. Na pua linayo."

Nikaomba kofia aliyovalishwa mtoto. Saa ya kukamua nikamwekea Yasinta puani, avute harufu ya mwanawe, mimi namkanda mgongo. Tone. Tone lingine. Kitako cha kikombe kikafunikwa! Njano ileile! Haleluya!

Sasa ndipo akaingia wifi yangu na ndizi kutoka Matombo. Akachungulia. "Wifi, umezeeka vibaya? Mwaga huo uchafu, msubiri meupe."

Nikakikumbatia kikombe. "Simwagi! Hata tone simwagi!"

"Utaua mtoto wa watu!"

Nikampelekea nesi mwenyewe, nikasimama kutazama ile njano inavyotambaa kwenye mpira, polepole, mpaka ikazama puani. Mtoto akakunja uso kidogo. Mpaka leo sijui kama alisikia utamu.

Leo anakimbia, ndugu zangu! Anakula fenesi mpaka tumbo linakuwa gumu. Nami bado najiuliza ziwa linasikiaje. Nikifika mbinguni nitamuuliza Mungu, na akichelewa kujibu nitarudia swali. Wewe ambaye mtoto wako yuko nyuma ya kioo, mwamini Bwana, halafu muulize nesi. Usichague kimoja. Mimi Mungu alinijibu kwa mdomo wa msichana mwenye mwanya.

Juzi mkwe wa jirani kajifungua. Nikaitwa kama mkubwa wa mtaa. Jirani akanikabidhi kikombe, kauziba uso kwa upande wa kanga kwa kinyaa. "Bibi, wewe ndiye mtu mzima hapa. Tumwagie."

Nikachungulia. Njano, nzito, kidogo. Nikakishika kwa mikono miwili.

"Simwagi! Hata tone simwagi!"