Agnetha Maduhu, Aliyevivika Vitabu Karatasi ya Saruji

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa zangu shikamooni, na mnaoniamkia huko mliko, marahaba. Leo tunamkumbuka Agnetha Maduhu, Mama Violeth. Alitunza maktaba ya shule moja ya msingi jirani na Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa, wapendwa. Amefariki Jumatano, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Maktaba yenyewe ilikuwa stoo. Kila asubuhi alinyunyiza maji vumbi litulie, akafagia, kisha akafuta kabati kwa kipande cha kanga kuukuu.

Mwaka mmoja mradi ukaleta vitabu mia tatu na vibandiko vya rangi. Nyekundu kwa anayeanza kusoma, njano kwa wa kati, kijani kwa hodari. Kibandiko kilikaa mgongoni mwa kitabu. Mlangoni ikabandikwa orodha, jina la kila mtoto na rangi yake. Agnetha ndiye aliyebandika. Aliagizwa hivyo, akafanya hivyo.

Haikupita wiki. Mnawajua watoto wa machimboni. Kifusi ni mawe yasiyo na dhahabu, ya kutupwa. Basi akipita mwenye kitabu chekundu: "Kifusi hicho! Mpisheni, kinamwagika!"

Kulikuwa na binti anaitwa Wema. Ameniruhusu nimtaje. Alikuwa na miaka kumi na minne akiwa darasa la nne, maana alichelewa kuanza, akimsaidia mama yake kuponda mawe. Mrefu kuliko wote, na kitabu chake chekundu. Akaacha shule.

Agnetha akamfuata nyumbani. Wema anasema: "Nilimwambia, mama, bora mawe. Mawe hayanicheki. Akaketi kando yangu. Kisha akasema, ng'wanawane, mwanangu, kosa ni langu. Nipe siku tatu."

Siku tatu! Aliomba mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi, akachukua karatasi ya ndani iliyo safi. Binti yake Violeth akakata, mama akakunja. Vitabu vyote mia tatu vikavaa kahawia, kama madaftari yetu ya zamani. Juu akaandika jina la kitabu. Kiwango akakiweka ndani, ukurasa wa mwisho, alama ndogo ya penseli. Orodha ya mlangoni akaibandua, akaihamishia kwenye daftari lake. Tangu hapo alimpa kila mtoto kitabu chake mkononi.

Wema akarudi. Lakini siku ya ukaguzi akaja Bwana Edson wa mradi. Violeth alikuwepo, ananisimulia.

"Mama, rangi ziko wapi?"

"Zimevaa nguo."

"Nikiandika hivi kwenye ripoti, vitabu vinaondoka."

"Baba, umewahi kulazwa?"

"Ndiyo. Kolandoto."

"Cheti chako walikubandika mgongoni, ukapita nacho sokoni?"

Walimu wakacheka. Edson hakucheka. "Sasa mimi nitajuaje nani hajui kusoma?"

"Keti naye, akusomee."

Akaketi kweli, Agnetha pembeni yake. Toka saa nne mpaka saa nane, watoto wakaingia mmoja mmoja. Wema alisoma mistari minne, kidole kikifuata maneno. Vitabu havikuondoka. Edson mwenyewe akaomba aonyeshwe jinsi ya kukunja ile karatasi.

Na Mama Violeth hakuwa na upendeleo, jamani. Mjukuu wangu Masalu alisoma pale. Nilikwenda na kuku, nikauliza, "Masalu yuko kiwango gani?" Akanijibu, "Bibi Masalu, keti naye, akusomee." Kuku alimpokea. Jibu sikupata!

Leo Wema anauza vitenge Kahama, na mkataba wa pango la duka aliusoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kutia sahihi.

Violeth anasema mama yake, siku zake za mwisho, alimwagiza lile daftari la viwango alifunge kwa uzi, alikabidhi kwa mwalimu mkuu, asilifungue njiani. Hakulifungua.

Violeth mama, na ukoo wote wa Maduhu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mmetuzalia mtu.

Nasi wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Yupo mtoto tuliyetangaza udhaifu wake mbele ya wageni, tukidhani tunamhimiza. Yupo, hata kwangu yupo. Leo tumwite kando, tumwombe radhi. Kisha tuketi naye, atusomee, hata kama ni mistari minne.