Hilarión Tarqui na Kigingi cha Mwezi wa Agosti

Ndugu, jamaa na majirani wa Huarina na wa El Alto, tuliyemleta hapa leo ni Hilarión Tarqui Limachi, ambaye wengi mlimwita Don Hila. Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1951 hapa hapa Huarina, kando ya ziwa, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Eusebio Tarqui na marehemu Justa Limachi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa siku ya kupanda viazi, na kwamba mkunga alitoka shambani mbio, akanawa udongo mikononi ndipo akampokea. Marehemu alipenda kuongeza kwamba mkunga hakunawa vizuri.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi mwaka 1964, kisha akahamia La Paz kwa shangazi yake. Mchana alibeba mizigo sokoni, na jioni alijifunza ufundi wa umeme, akahitimu mwaka 1972. Kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alisinzia darasani mara nyingi kuliko alivyowaambia watoto wake walipokuwa wadogo.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Basilia Ticona, nao wakajaliwa watoto watatu: Nelva, Wilmer na Delia. Nelva alipobatizwa, aliyemshika alikuwa Saturnino Yujra, mfanyakazi mwenzake Hilarión, pamoja na mkewe, Casilda Poma. Kwetu, mtu akikushikia mtoto penye maji ya ubatizo anakuwa kompadre wako, na mkewe komadre wako, na ukompadre hauvunjwi na ugomvi wala na kifo. Neno hilo marehemu alilishika hadi mwisho, ingawa lilimuumiza.

Kazi yake ilikuwa mitaro. Alianza mwaka 1974 kwa sururu, na mwaka 1989 alikabidhiwa mashine ya kutafuta nyaya na mabomba yaliyofukiwa. Mashine hiyo huhitaji watu wawili. Kuna sanduku la kutuma mawimbi: waya wake mmoja hufungwa kwenye kebo au bomba linalotafutwa, na wa pili kwenye kigingi cha chuma kilichogongewa ardhini. Mtu wa pili hutembea na chombo cha kupokea, ambacho marehemu alikiita sikio, akisikiliza mahali sauti inapopanda, na hapo huchora mstari kwa rangi. Ardhi yetu ikikauka haipitishi kitu, kwa hiyo penye kigingi humwagwa maji. Wao wawili, kabla ya maji, walitangulia kumnywesha Mama Ardhi tone la pombe kali, kama ilivyo desturi kabla ya kumchimba. Saturnino aliweka vigingi, Hilarión akasikiliza.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 waliitwa kuchora mstari wa kebo ya umeme mbele ya nyumba moja huko El Alto. Agosti ni mwezi ambao ardhi hufungua kinywa, na wenye nyumba walikwisha kuinywesha tangu asubuhi, bia kreti nzima, karibu na lango. Mahali pengine pote palikuwa pagumu kama jiwe. Kigingi kikagongewa pale palipolowa. Chini yake, jirani kabisa, lilipita bomba la maji la chuma. Mawimbi yakahamia kwenye bomba, na sikio likaimba vizuri juu ya bomba hilo. Mstari ukachorwa. Saturnino akachimba kwa mtaimbo mahali ambapo rangi ilionyesha hapana kitu. Kebo ilikuwa hapo. Alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Hilarión aliwaambia wakubwa wa kazi, polisi na mjane, Casilda, kwamba kigingi alikiweka yeye. Kwa mwaka mzima hakuigusa mashine. Aliporudi, hakuchora tena mstari bila kuhamisha kigingi upande wa pili na kupima upya. Msimamizi mmoja alizoea kumtania: "Don Hila, unaipiga ardhi picha ya harusi?" Naye alijibu, "Ya harusi hupigwa mara moja. Hii ni ya pasipoti, mpaka ifanane." Watu walicheka. Basilia anasema nyumbani hakuwahi kuusimulia utani huo.

Kila Agosti alikwenda kwa komadre wake Casilda na kikapu cha mkate na jibini, akabisha, akasubiri. Kikapu kilichukuliwa akishaondoka. Mlango haukufunguliwa.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwaka 2016. Alitibiwa La Paz, akapata nafuu, akalemewa tena mwanzoni mwa mwaka huu. Katika miezi hiyo aliomba jambo moja tu, kwamba Casilda aje aketi naye. Basilia alituma ujumbe, akatuma tena. Jibu halikuja. Marehemu alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 3 Juni 2019, adhuhuri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Casilda alifika kesho yake asubuhi. Aliketi bila kuvua kofia.

"Umekonda, Basilia."

"Na wewe umezeeka, komadre. Chukua majani ya koka."

Alitafuna, kisha akamgeukia Nelva. "Ile karatasi ya kusoma kaburini mmeshaiandika?"

"Tunaiandika, mama wa ubatizo."

"Mwaka wa tisini na nane mmesemaje?"

"Tumesema ilikuwa ajali."

"Na kigingi?"

"Baba alisema alikiweka yeye."

"Baba yako hajaweka kigingi maishani mwake. Vigingi vilikuwa vya Saturnino, hata nyundo hakuazima mtu. Nilijua tangu matangani."

Basilia akamuuliza, kwa upole, mbona basi hakusema.

"Nilikuwa na watoto wawili na jeneza. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na marehemu hakasirikiwi. Hila akajitoa, nikamwachia." Akachukua koka tena. "Sasa naye ni marehemu. Andikeni."

Imeandikwa. Familia haina hakika kama yeye mwenyewe angeridhia. Huenda angeinuka akatoka nje. Ni haki pia kusema kwamba sikio lilikuwa mikononi mwake siku ile, na kwamba hakulitilia shaka. Lakini mwenye haki ya kuomba haya yasomwe ameomba.

Katika makaburi haya hupita bomba la maji la chuma, na wachimbaji walitaka kujua ni wapi. Jana alasiri Nelva alilichukua sikio la baba yake. Waya mmoja ulifungwa kwenye bomba, hapo penye mfereji. Wa kushika kigingi hakuwapo. Casilda akaokota nyundo.

"Hapa?"

"Mbali zaidi na uzio, mama. Uzio ni wa chuma."

Akasogea. Akagonga, akamwaga tone la pombe, kisha maji. Sikio likalia. Akaking'oa kigingi, akaenda nacho upande wa pili bila kuambiwa, wakapima tena, na mstari ukaangukia palepale. Ndiyo maana kaburi mnaloliona limesogea kidogo kutoka kwa wazazi wake.

Marehemu ameacha mjane, Basilia, watoto, Nelva, Wilmer na Delia, wajukuu watano, dada yake, Felipa, na komadre wake, Casilda Poma, ambaye amefika.

Ardhi imeulizwa mara mbili. Apumzike ndani yake kwa amani.