Léopold Zihindula, Fundi Aliyepoza Motere za Mashindano (1951–2014)

Papa Léopold Zihindula alizaliwa Kabare, karibu na Bukavu, tarehe 15 Novemba 1951, siku ya Mtakatifu Léopold, kwa hiyo wazazi wake hawakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa muzee Buhendwa na mama Cibalonza, wakulima.

Alisoma shule ya primaire kwa mapadri wa Kabare, kisha shule ya ufundi Bukavu, alikopata brevet, cheti cha mekanika, mwaka 1970. Mwalimu mmoja aliandika kwenye bulletin yake ya matokeo kwamba mwanafunzi huyu anauliza maswali mengi mno. Muzee Buhendwa aliitunza bulletin hiyo ndani ya Biblia.

Mwaka 1973 alikuja Goma. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na mama Léonie Nsimire, na Mungu akawajalia watoto watatu. Miaka mitano baadaye alifungua garaji yake mwenyewe, quartier Mapendo.

Jina lake lilijulikana mwaka 1986. Papa Constant Ndayambaje, mfanyabiashara wa kahawa wa Rutshuru, alikuwa na gari la mashindano lililochemka kila lilipopanda kilima kutoka Kalengera. Mafundi wengine walikuwa wamebadilisha radiatere inayopoza motere mara mbili. Papa Léopold alikaa siku nzima mbele ya gari akipima upepo kwa kiganja, akaona kwamba hewa nyingi inapita kando ya radiatere bila kuigusa. Aliziba nafasi zile kwa mabati na mpira wa chambre à air ya zamani, ule wa ndani ya gurudumu.

“Hewa ni kama mutu muvivu,” alimwambia papa Constant. “Ukimuachia njia ya pembeni, hatapita mahali pa kazi.”

Katika mashindano yaliyofuata gari lilimaliza la pili. Papa Constant alihuzunika kidogo; fundi wake alirudi nyumbani akiimba, kwa sababu motere haikuchemka hata mara moja.

Uasi wa 1996 ulikomesha mashindano. Papa Constant alimwachia gari, naye akalificha nyuma ya nyumba yake ya Himbi bila magurudumu, ili wenye silaha wasilitamani. Uasi wa 1998 ulilikuta hivyo hivyo. Alirudisha magurudumu mwishoni mwa 2001.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ililipuka. Jirani yake, mama Umuhoza, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Papa Léopold aliwapakia yeye na mama Léonie ndani ya gari la papa Constant, wakashika barabara ya Sake. Barabara ilijaa watu, na gari lile lilitengenezwa kwa mwendo wa kasi: likienda polepole halipati upepo. Walipofika karibu na ziwa Lac Vert, mshale wa joto ulikuwa umefika kwenye nyekundu. Kama motere ingekufa pale, mama huyo angezaa kati ya miguu ya watu. Papa Léopold alifungua chauffage, kipasha-joto cha ndani ya gari, mpaka mwisho, joto la motere likaingia ndani kwa abiria.

Mama Umuhoza alimwuliza kwa sauti ndogo, “Papa Léo, unataka tuive?”

“Vumilia, mama. Joto hii ninaitoa kwa motere, ninaileta kwenu. Hivyo njo tutafika.”

Mshale ulishuka taratibu. Walifika Sake wakiwa wamelowa jasho, na kulipokucha mtoto wa kike, Umugwaneza, alizaliwa salama ndani ya darasa la shule. Leo ana miaka kumi na miwili, na yuko hapa pamoja nasi.

Garaji ilimezwa na lava. Majirani na mafundi wenzake walimletea vyombo, huyu ufunguo mmoja, yule krik ya kuinulia gari, na baada ya wiki sita alikuwa akifanya kazi juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na uvuguvugu. Hakusahau jina la hata mmoja wao.

Uasi wa 2012 ulimkuta miguu imeanza kuvimba. Ugonjwa wa figo ulimlaza mwaka mmoja na nusu. Tunawashukuru wauguzi, majirani na jumuiya yetu ya parokia. Wiki ya mwisho alimwambia binti yake Joviale: “Mushukuru watu. Mimi sikusimama peke yangu hata siku moja.” Alituaga nyumbani, Jumatano tarehe 6 Agosti 2014, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama Léonie.

Ameacha mjane, mama Léonie; watoto Fortunat, Joviale na Noëlla; wajukuu saba; na mdogo wake, papa Cishugi.

Mungu aliyetuazima Papa Léopold kwa miaka sitini na miwili ampokee, ampe pumziko na amani. Aksanti, Papa.