Fezi Iliyokatika

Katika teksi ya abiria wengi iliyotoka Nakivubo, Huguette aliketi nyuma ya mwanamke aliyepakata suti ya kiume iliyopigwa pasi. Mwanamke huyo, Anena, alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti kwamba anakwenda hospitali ya Mulago kuchukua mwili wa mumewe. Jirani mwenyewe alikuwa Kakule, fundi wa mota, Mkongo kama Huguette.

"Pole sana, mama. Ilikuwaje?"

"Mashine yetu ya kusaga ilisimama, ikawa inanguruma tu bila kuzunguka. Akadhani mahindi yamekwama, akaushika mkanda unaoizungusha. Ghafla ikazunguka, ikamvuta. Shemeji zangu wanasema alikuwa amelewa."

Kakule alitikisa kichwa. "Mota ile inatumia fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme. Moja ikikatika, inanguruma hivyo hivyo. Fezi ikirudi, mota inaanza kuzunguka yenyewe. Alitakiwa azime swichi kwanza, lakini hata sisi mafundi tunasahau."

"Kwa hiyo hakulewa."

"Umeme ndio ulimdanganya. Kuna kifaa cha kulinda mota, mama. Fezi ikipotea, kinakata umeme wote, na mashine haiwaki tena mpaka mtu aiwashe mwenyewe."

Huguette, aliyefurahi kusikia marehemu akisafishwa jina, alitamani fundi angeishia kwenye umeme, asitaje kifaa ambacho kingemwokoa.

Anena alimgeukia fundi. "Kina ukubwa gani, hicho kifaa?"

Kakule alisita, kisha akafungua kiganja chake kuonyesha kwamba kinaenea humo. Anena alikuwa bado anakitazama kiganja hicho kondakta alipoita, "Mulago!"