Dole Gumba la Digirii

Benchi la Fundi Soli lina miguu mitatu na tofali moja, lakini limebeba hoja nzito kuliko bunge. Liko ubavuni mwa kibanda chake cha kushona viatu, barabara inapokata kona, na birika la kahawa hukaa katikati kama mwenyekiti wa kikao. Asubuhi hiyo Digirii aliwahi kuliko wote, jambo ambalo halijatokea tangu ahitimu. Miaka minne ametembeza bahasha mpaka mabawabu wakawa wanamsalimia kwa jina. Sasa, finally, chuo kimoja kimemwita: Jumatatu aanze kuandika majina ya wahitimu kwenye vyeti, kwa mkono, kwa ule mwandiko wake uliosifiwa tangu darasa la tatu. Msomi wa uchumi kuandika vyeti vya watu, wakati chake kinalala chini ya godoro! Fine. Njaa haina profesa. Tatizo lilikuwa moja, na hata kwa mama yake hakulisema: kila akishika peni, kabla aya haijaisha, dole gumba linakufa ganzi na maumivu yanapanda hadi kiwikoni. Na marehemu baba yake mdogo, ambaye mkono wake uliishia kuning'inia kama tai shingoni, alianza hivyo hivyo, kwenye dole gumba. Ndiyo maana jana Digirii alinunua barabarani kalamu ya nibu, ile ya kizamani ya kunyweshwa wino, ya bei ya chini kuliko zote, huenda ikauonea mkono huruma. Na hii ikishindikana, kazi kwaheri.

— Hiyo nini, thamometa? aliuliza Kete, bingwa wa drafti wa kona nzima, mtu ambaye huwezi kumfunga wala kumnyamazisha.

— Kalamu. Ustaarabu. Usiguse.

Digirii akageuza kalenda ya mwaka juzi, akaandika mgongoni mwake. Nibu ikakwaruza kama kuku jalalani, ikatoa nusu mstari, ikachana karatasi. Dole gumba likaanza wimbo wake.

— Bei rahisi hiyo, akasema Fundi Soli bila kuinua macho kwenye kiatu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yaani irudishe dukani.

— Duka lenyewe lilikuwa turubai, Fundi, na turubai limeshakunjwa.

— Basi hapo ndipo umekwama kwenye tezi.

Kete akaipokonya.

— Hujaionyesha nani mkubwa! Hata kete ukiiweka kwa adabu inakudharau. Haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo bonyeza!

Akaigonga kama anakula kingi. Tone la wino likaruka likatua kwenye koti jeupe la Dokta, muuzaji wa duka la dawa la jirani, ambaye koti hilo halivui hata akienda kunyolewa.

— Koti langu!

— Sasa angalau linaonekana limefanya kazi, akasema Digirii, huku akisugua dole gumba bila kujijua.

Dokta akaliona.

— Na hilo dole lina nini?

Digirii akaeleza yote, haraka haraka, kama mtu anayetema dawa chungu. Alipofika kwa baba mdogo, akaficha mkono mfukoni.

— Rahisi, akasema Dokta. Chanda chema huvikwa pete. Chako hakina pete, damu haijui igeukie wapi. Oa.

— Dole gumba, Dokta! Nani anavikwa pete kwenye dole gumba? Halafu nioe kwa mshahara gani, huu wa kuandika vyeti?

— Siyo ndoa, akadakia Kete. Ni elimu. Imejaa kichwani, imekosa ajira, imeteremka mkononi kutafuta mlango. Iko foleni kwenye dole gumba.

— Basi tuhame, akasema Fundi Soli. Siku ikifumuka itatuchafua na madeni yake ya chuo.

— Mnacheza nyie, Dokta akashusha sauti. Kalamu za nibu zilitengenezwa kwa ajili ya wakubwa kutia saini. Ikimkuta mtu hana cheo, inagoma. Inasubiri barua ya uteuzi.

— Nonsense!

Lakini Digirii alikwishaiona Jumatatu: rundo la vyeti, mkuu wa chuo amesimama nyuma yake, na mkono unaning'inia. Akauma meno, akaikamata kalamu upya, akakandamiza mpaka mshipa wa shingo ukasimama.

Mama mmoja alikuwa amefika na kiatu kilichokatika mkanda. Akaitikia shikamoo zao, akasimama akimtazama Digirii.

— Mwanangu, imekukosea nini?

— Nini, mama?

— Hiyo kalamu. Mbona umeikaba hivyo?

Kete akainama kutazama. Dokta akachunguza doa lake. Sindano ya Fundi Soli ikasimama hewani. Digirii akavitazama vidole vyake. Fomu ngapi za kazi amejaza, nakala tatu tatu kwa kaboni, akikandamiza ili ya chini nayo isomeke, na bado hakuna aliyezisoma? Ule mkono ulikuwa unaandika, au ulikuwa unapiga ngumi?

Akalegeza vidole. Akaiacha kalamu ilale, kwa uzito wake tu.

Wino ukaja.

Ukaja wenyewe, laini, kama maji yaliyokuwa yanasubiri mtu atoe mguu kwenye bomba. Akaandika mstari, akaandika aya, akashuka hadi ukingoni mwa kalenda, huku akiyangoja maumivu kama mpangaji anavyomngoja mwenye nyumba. Hayakubisha hodi. Akakunja dole gumba, akalikunjua. Lilikuwa dole gumba tu. Alishusha pumzi mpaka vikombe vikatikisika.

— Nilisema mimi, haba na haba, akasema Kete. Hebu niandikie na mimi cheti: Bingwa wa Drafti.

Fundi Soli akainamisha birika, likatoa mashapo matupu, na leo hakuna aliyelalamika. Digirii alikuwa tayari ameinamia kipande cha boksi la viatu, anaandika taratibu, anatoa cheti bila kumwuliza mtu ana ekspiriensi ya miaka mingapi.