Mashine Haitoki Nyumbani: Bi Zakiya Shekhan Anastaafu

Bi Zakiya Shekhan, fundi wa kompyuta wa Kituo cha Jamii cha Langoni, mjini Lamu, anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Bwana Abdulghafur, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alilitangaza hilo katika kikao cha wafanyakazi Jumanne. Alisema nafasi hiyo inachukuliwa na Bochaberi, fundi mwanamke aliyejiunga nasi mwaka jana akitokea Mokowe, ng'ambo ya bara. Lipo jambo moja, alisema, ambalo kamati haiwezi kuliamua: kama nyumba alizokuwa akiingia Bi Zakiya zitamfungulia Bochaberi mlango. Zisipomfungulia, huduma ya kutengeneza kompyuta majumbani itafungwa.

Huduma hiyo ilianza naye. Alipoajiriwa mwaka 2004 alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, na kituo kilimtaka afundishe kuchapa tu. Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani, kina mama wa mji walikuja kituoni kumwuliza la kufanya mashine zikigoma. Kuzileta hawakutaka, na kumwita fundi mwanamume aje akae peke yake na mashine ya nyumba hawakutaka pia. Bi Zakiya akajifunza ufundi kwa vitabu na kwa mashine mbovu za kituo, akachukua mkoba wake, akaenda. Tangu hapo amefika karibu kila mtaa wa mji huu, na kisiwa cha Ndau pia, alikoenda kwa mashua akiwa amepakata mkoba ule ule ili maji ya chumvi yasiupate.

Mkoba wenyewe hauna maajabu. Una bisibisi, brashi laini ya rangi, kipulizio cha mpira, fleshi yenye programu za kusaka virusi na vijiti vichache vya kuchokolea meno. Vijiti ni vya kuzuia feni isizunguke wakati vumbi linapulizwa. Bwana Abdulghafur aliwahi kumwuliza kama fundi wa kompyuta hulipwa chakula, maana kila akirudi kutoka kwenye nyumba za watu ana vijiti mkononi. Bi Zakiya alimjibu kwamba hulipwa halwa, na mara nyingine hulipwa maneno.

Kazi haikuwa ya virusi kila mara, na hilo ndilo alilokuwa akilirudia kwa kila mwanafunzi. Nyumba ya Lamu ina chumvi hewani, ina kitambaa cha kudarizi kilichofunikwa juu ya kompyuta hata ikiwa inawaka, na ina chetezo. Moshi wa udi una mafuta. Ukifukizwa chini ya meza ya kompyuta, feni huuvuta ndani, masizi hunata kwenye mapezi ya chuma yanayopoza mashine, vumbi hushika juu ya masizi, na mashine huchemka. Mashine inayochemka hujipunguzia mwendo isiungue. Mwenye nyumba huona inajikokota, naye husema ni kirusi. "Kirusi gani kinanukia hivi?" Bi Zakiya alikuwa akiuliza, akiinua kifuniko.

Aliwahi kukosea, na aliomba lisiachwe nje ya maandishi haya. Miaka ya mwanzo aliitwa na Mwalimu Taha wa madrasa, ambaye mashine yake ilikuwa imejaa programu hasidi kiasi cha kutofunguka vizuri. Ilibidi ifutwe yote na kuanzishwa upya. Mwalimu alimpa fleshi akasema darasa zake zote za Ramadhani, alizorekodi kwa sauti yake, amekwisha kuzihamishia humo. Bi Zakiya aliichomeka fleshi kwenye mashine ile ile, akaona majina ya darasa yamepangika moja baada ya jingine, akafuta mashine. Kwenye fleshi hazikuwamo darasa. Mwalimu alikuwa ameburuta alama za kwenye kioo, ambazo ni vielekezo tu vya kuonyesha faili liliko ndani ya mashine. Mashine ilipofutwa, vielekezo vikabaki vikionyesha mahali patupu.

Mwalimu Taha hakupandisha sauti. Alisema, "Basi, Bi Zakiya, Ramadhani iyayo nitasoma tena, nawe utakaa mbele usikize yote." Alisoma tena, naye alikaa. Tangu siku hiyo hakufuta mashine ya mtu kabla ya kuchukua nakala na kuifungua kwenye mashine nyingine kabisa, faili moja moja, mwenye mashine akisikiliza au akisoma. Ilimchelewesha. Hakuiacha.

Kanuni zake nyingine wanaofanya kazi naye wanazijua. Mashine haitoki nyumbani. Mwenye mashine hukaa mbele ya kioo, fundi hukaa ubavuni. Kabla ya kufungua folda yoyote, Bi Zakiya huzima ile picha ndogo inayoonyesha kilichomo, ili yaonekane majina matupu. Mgeni hudhani hayo ni mazoea ya mtu mwenye haya nyingi. Mwenyeji anajua kompyuta za nyumba hizi zina nini. Zina picha za kupamba, siku bibi harusi anapokaa kitini kutazamwa, na wanawake waliohudhuria wamevua buibui kwa sababu hapana mwanamume. Picha hizo hupigwa na mwanamke, hutazamwa na wanawake, na hazitarajiwi kwenda popote.

Anayezipiga nyingi ni Umulkheir wa mtaa wa Wiyoni, na nyumbani kwake ndiko Bi Zakiya alikofanya kazi ngumu kuliko zote. Ilikuwa mwaka 2021. Umulkheir ana chumba ambamo mama wa bibi harusi huja kukaa, hunywa kahawa na kuchagua picha. Kwa heshima ya wageni hufukiza udi, na chetezo kilikuwa kikiwekwa chini ya meza, karibu kabisa na kasha la kompyuta. Mashine ikaanza kujikokota. Umulkheir aliamini ni kirusi, akatafuta mtandaoni programu ya bure ya kusafisha, akaiweka. Programu hiyo ndiyo iliyokuwa mdudu. Kioo kiligeuka chekundu, kikaandika kwamba mashine iko hatarini, kikatoa nambari ya simu. Akapiga. Mtu mwenye sauti ya adabu akamwelekeza abonyeze hapa na pale, kisha Umulkheir akaona kishale cha kipanya kinatembea chenyewe.

Alimtumia Bi Zakiya ujumbe kwa simu, na Bi Zakiya alifika akiwa bado anahema kwa ngazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa modemu ukutani. La pili, alimketisha Umulkheir kitini mwake na yeye akakaa ubavuni, kama siku zote. Waliondoa programu iliyomruhusu mgeni kuingia, wakaondoa ile ya kusafisha, wakapitia programu zote zinazojiwasha mashine inapowashwa na kuzima zisizojulikana. Wakasaka virusi kwa fleshi ya kituo, mara ya pili kwa programu tofauti. Manenosiri yote yalibadilishwa kwa simu na si kwa mashine hiyo. Mwisho alifungua kasha. Feni ilikuwa nyeusi kwa udi. Ilipopigwa brashi na kupulizwa, mashine ikarudi mwendo wake wa zamani. Ugonjwa wa mwanzo haukuwa kirusi hata kidogo.

Umulkheir alitaka kusikia neno moja: kwamba picha hazikuchukuliwa. Bi Zakiya hakulisema.

"Niapie," Umulkheir alimwambia.

"Siapi. Alikuwa ndani, na kuna muda wewe hukuwa ukitazama. Huenda alitaka nenosiri la benki tu. Lakini siyui, na wewe huyui. Wenye picha wana haki ya kuambiwa hivyo hivyo."

"Wataka nijivunjie jina langu kwa mkono wangu?"

"Nataka walisikie kwako kabla hawajalisikia barazani. Nitakwenda nawe."

Walikwenda pamoja, nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alitaka picha za binti yake zifutwe mbele yake, na zilifutwa. Mwingine alizichukua kwenye diski yake na hakurudi tena kwa Umulkheir. Waliobaki walirudi harusi zilipokuja. Mpaka tunaandika haya, hakuna picha hata moja iliyosikika kuonekana mahali. Hilo halithibitishi kwamba hazikuchukuliwa, na Bi Zakiya amekuwa mwangalifu kulisema kila anaposifiwa kwa kazi ile. Linalojulikana ni kwamba tangu siku hiyo picha za Umulkheir hukaa kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na huchomekwa tu mama wa bibi harusi akiwa amekaa. Chetezo kilihamishiwa mlangoni.

Kwa hiyo Bochaberi alipokuja mwaka jana, Bi Zakiya alimpeleka kwanza Wiyoni. Bochaberi ni fundi mzuri. Mokowe alikuwa akitengeneza kompyuta za maduka na za ofisi za mizigo kwa miaka sita. Alitazama mashine ya Umulkheir, akasema jambo ambalo fundi yeyote angesema: aibebe kituoni, huko ana vifaa vyote, kesho yake atairudisha. Umulkheir alimgeukia Bi Zakiya.

"Nyumbani kwangu hangii mtu nisiyemyua, na mashine yangu haitoki na mtu nisiyemyua. Huyu umemtoa wapi?"

"Mokowe," alisema Bi Zakiya.

"Mokowe ni gati. Watu hupita."

Bochaberi alisema samahani, mama, hakujua. Njiani aliuliza kosa lake, na Bi Zakiya alimweleza kanuni zote pamoja na sababu ya kila moja. Habari zilifika nyumba nyingine kabla yao. Miezi iliyofuata walikwenda pamoja mitaani, na mara kwa mara mlango ulifunguliwa kwa Bi Zakiya huku kiti kikitolewa kimoja. Bochaberi alisimama. Bwana Abdulghafur alisema katika kikao kwamba alikaribia kuiambia kamati huduma ifungwe kwa heshima, pamoja na aliyeianzisha.

Kilichobadilisha mambo kilitokea mwezi huu, harusi za baada ya Idi zilipopamba moto. Bi Zakiya alikuwa Ndau kwa kazi ya kituo, na simu yake haikupatikana. Kwa Umulkheir, diski imechomekwa, mama wa bibi harusi amekaa, kioo kikatoa tena maandishi mekundu. Umulkheir aliogopa, akapiga simu kituoni. Aliyepokea ni Bochaberi.

Waliokuwa ofisini walisikia upande mmoja wa mazungumzo; upande wa pili ameueleza Umulkheir mwenyewe. Bochaberi alimwambia asibonyeze kitu, achomoe modemu, kisha diski. Umulkheir akasema atapiga picha ya kioo kwa simu aitume, ili Bochaberi aone mwenyewe.

"Usinitumie picha, mama," alisema Bochaberi. "Sijui nyuma ya hayo maandishi kuna nani. Nisomee tu."

Umulkheir anasema nyuma ya maandishi alikuwapo bibi harusi, uso wote. Akasoma, neno kwa neno. Bochaberi alisikiliza mpaka mwisho na kumwambia kwamba hayo ni matangazo ya tovuti moja aliyoiruhusu kumtumia taarifa bila kujua, hakuna aliyeingia. Alimwelekeza kuizima ruhusa hiyo katika mipangilio ya kivinjari, kisha aizime na kuiwasha mashine, na asiweke programu yoyote ya kusafisha. Hakuomba kwenda. Alimaliza kwa kumwambia kwamba Bi Zakiya atarudi kesho na atampitia.

Bi Zakiya aliporudi na kupita Wiyoni, alikuta mashine salama. Umulkheir alimweleza yote, na Bi Zakiya akamwuliza anataka nini zaidi kwa Bochaberi, au anamchunguza ili amwoze? Umulkheir alicheka, lakini hakutoa ahadi.

Bi Zakiya anaondoka akiwa ameacha nyuma mafundi kumi na mmoja aliowafundisha, wanane kati yao wanawake, na darasa la Jumatano la kutunza kompyuta ya nyumbani ambalo litaendelea. Anasema atarudi kudarizi kofia, kazi aliyoiacha kwa sababu ya mkoba. Ameomba asipewe kompyuta kama zawadi. Wafanyakazi waliomtembelea wiki iliyopita wanaelewa: anayo moja sebuleni, inajikokota vibaya, na juu yake kuna kitambaa cha kudarizi. Alipoulizwa, alisema fundi wake hajapata nafasi.

Kituo kinamshukuru kwa kazi yake, na zaidi kwa neno "siyui", ambalo alilitumia kila lilipohitajika. Tunamwombea afya, mato yasiyochoka kutazama uzi, na wageni wasiokuja na fleshi.

Hafla ya kumuaga ni Alhamisi baada ya swala ya Adhuhuri, ukumbi wa kituo. Ijumaa tarehe 1 Mei kituo kitafungwa kwa sikukuu ya wafanyakazi. Jana asubuhi Umulkheir alipiga simu kituoni akataka kusema na Bochaberi kwa jina. Mashine yake imeanza kujikokota. Bochaberi atakwenda Wiyoni Jumamosi tarehe 2 Mei, baada ya Alasiri, peke yake. Umulkheir ameagiza aambiwe kwamba viti vitakuwa viwili, na udi hautafukizwa mpaka amalize.